Mkate wa Mkwe

Baada ya posa ya dada yangu kukubaliwa, upande wa mume ulitualika chakula cha jioni katika hoteli moja ya kifahari ya Upper Hill, jijini Nairobi, nasi tukamtanguliza Mjomba, aliyepanda treni kutoka Mombasa akiwa na kanzu iliyopigwa pasi kiasi kwamba ingeweza kusimama peke yake. Tuliketi watu wanane kwenye meza ya mviringo. Kushoto kwangu alikaa baba wa bwana harusi, ambaye ndiye mwenyeji wetu. Kulia kwangu alikaa Mjomba. Na kulia kwa Mjomba alikaa Shangazi, ambaye akiwa ugenini hagusi kitu mpaka aone Mjomba amekigusaje.

Kwa kuwa niliwahi kufanya kazi ya uhudumu hotelini, meza ile haikunitisha. Kisahani cha mkate hukaa kushoto, juu ya uma, kisu kidogo cha siagi kikiwa kimelazwa juu yake. Bilauri ya maji hukaa kulia, juu ya ncha ya kisu kikubwa. Mkate haukatwi kwa kisu bali humegwa kwa vidole, na kila kipande hupakwa siagi yake wakati wa kuliwa. Nikaimega skonzi yangu, ya kushoto, kwa adabu zote.

Mjomba, ambaye tangu utotoni anajua kwamba mkono wa kushoto hauna kazi kwenye chakula, alinyoosha mkono wa kulia akatwaa kisahani cha kulia, yaani cha Shangazi. Shangazi, alipoona chake kimekwenda, aliamini kwamba hivyo ndivyo wafanyavyo watu wa Nairobi, akatwaa cha jirani yake wa kulia. Jirani huyo, kwa kutotaka kuwaaibisha wageni, alifanya vivyo hivyo, na balaa likaizunguka meza (ya mviringo, nayo haina pembe ya kosa kukwamia) hadi likamfikia mwenyeji. Kushoto kwake skonzi ilikuwa imeshachukuliwa. Kulia kwake palikuwa na kisahani changu, chenye makombo. Kwa hiyo mtu pekee aliyefuata kanuni katika meza nzima ndiye aliyemkosesha mwenyeji mkate.

Ilibaki skonzi moja, ile iliyokuwa halali ya Mjomba, katikati yetu wawili. Nilikuwa bado nikitafakari namna ya kumpitishia mwenyeji pasipo kumdhalilisha mtu, Mjomba alipoiona, akaniuliza kama nimeshiba, na kabla sijajibu akaila, kwa kuwa chakula hakitupwi. Mhudumu alipita, akahesabu visahani vinane vitupu, akaridhika.

Mhudumu huyohuyo alikuwa na vita vingine na Mjomba. Yeye alifundishwa kwamba bilauri ya mgeni haiachwi ikapungua, naye alimimina kutoka upande wa kulia bila kuinyanyua mezani. Mjomba alifundishwa kwamba maji uliyomiminiwa ugenini hayaachwi. Huyu akijaza, yule humaliza. Yule akimaliza, huyu hujaza. Nilimnong'oneza Mjomba kwamba akiyaacha maji bilaurini, ataachwa naye.

"Nimwache kijana wa watu amesimama na jagi lake?" aliniuliza, jasho likimtoka.

Kabla supu haijaletwa, alikuwa ameifahamu njia ya maliwatoni kuliko wafanyakazi wa hoteli. Alipoketi tena, alimtazama mwenyeji, aliyekuwa ameikunja mikono mbele ya kitambaa kitupu, kisha akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, mahari waliikubali bila kubishana, nikafurahi. Lakini nimemwangalia huyu bwana tangu tulipoketi, hajatia hata kipande cha mkate kinywani. Hebu kamwulize dada yako vizuri: mtu anayelibania tumbo lake mwenyewe, mkazamwana atamlisha nini?"