Reli za Mvuke na Foleni ya Vijana: Wanakuja, Hawakai

Injini ya mvuke haiwashwi kwa ufunguo. Treni ikipangwa kuondoka saa nne asubuhi, kuna mtu ameingia karakanani alfajiri, gizani bado, na kabla hajagusa kiberiti anatazama maji: kijioo chembamba kilichosimama upande wa dereva, kinachoonyesha boila limejaa kiasi gani. Maji yakiwa sawa, anaondoa majivu ya jana, anapanga kuni na makaa ya mawe, anawasha, halafu anasubiri. Anasubiri saa kadhaa, maana boila likipashwa moto kwa pupa chuma hutanuka ovyo na viungo huanza kuvuja. Mwenzake muda huo yuko chini ya injini na kopo la mafuta, na wa tatu anafuta magurudumu kwa tambara. Abiria wakifika na watoto wao wanadhani siku ya treni imeanza saa nne.

Uingereza, wengi wa wanaofanya kazi hiyo hawalipwi hata senti. Reli za urithi, yaani zile njia fupi zilizofungwa kisha zikafufuliwa na wapenzi wake, zina watu wa kujitolea wapatao 22,000 kwa waajiriwa 4,000 hivi. Na wengi wa hao walioshika matambara wamekwisha kustaafu. Ndiyo maana kilio kinachosikika kila mahali ni kimoja: vijana hawaji.

Nadhani kilio hicho kimelenga pembeni. Vijana huja. Reli ya Bluebell kule Sussex ina klabu ya watoto na vijana, Swanage wana kikundi chao, Talyllyn kule Wales hali kadhalika, na hakuna anayesema watoto wanabembelezwa kuingia. Shida huanza baadaye, kati ya miaka 17 na 25, pale yule mtoto aliyekuwa akichuma magugu stesheni anapotaka kazi ya mtu mzima na kuambiwa asubiri zamu yake. Kuvuta na kubakiza ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haitibu jingine. Mabango, video na siku za wazi huvuta. Kinachobakiza ni kitu ambacho wenye reli wanakimiliki wao wenyewe, na wengi hawapendi kukitoa.

Kichekesho ni kwamba reli kadhaa kati ya hizi zilianzishwa na vijana. Talyllyn ndiyo iliyotangulia, treni zake za kwanza chini ya wajitoleaji zikitembea Mei 1951. Bluebell, iliyofunguliwa Agosti 1960, chanzo chake ni wanafunzi wachache waliokataa kuona njia yao ikifa. Miezi miwili kabla yake, kule Leeds, Reli ya Middleton ilikuwa imeanza kuendeshwa na mhadhiri mmoja na wanafunzi wa chuo kikuu. Kisha shirika la reli la taifa likaachana na mvuke Agosti 1968, na injini zikaenda kukatwa vyuma chakavu. Katika yadi moja ya vyuma kule Barry, Wales, injini 213 ziliokolewa, moja moja, hadi ya mwisho ikaondoka 1990. Walioziokoa wengi hawakuwa mafundi. Walinunua mzoga wenye kutu, wakajifunza wakiufungua. Hakuna aliyewauliza wana uzoefu wa miaka mingapi, kwa kuwa hapakuwa na mwenye uzoefu wa kuuliza.

Leo hao ndio wazee wa kamati.

Hata hivyo, hoja yao isidharauliwe, kwa sababu ina chuma ndani yake. Dari la tanuru la injini ya mvuke hufunikwa na maji kwa juu. Maji yakipungua hata dari hilo likabaki wazi, huchukua dakika chache tu chuma kulegea kwa joto, na lililo juu yake ni shinikizo la mvuke wa boila zima. Plagi ya usalama, kizibo kinachoyeyuka ili kuonya, ipo, lakini hakuna dereva anayependa kuijaribu. Tena, kuilisha injini makaa si kutupa koleo. Mchochea moto anatazamia mlima ulioko kilomita mbili mbele, anaweka makaa kabla hayajahitajika, anaingiza maji wakati ambao hayataushusha mvuke, na mengi ya hayo anayajua kwa sikio na rangi ya moshi. Ujuzi huo haupatikani kwa kozi ya wikiendi. Ngazi ya kale ya kwanza usafishe, kisha uchochee, kisha uendeshe, ambayo hula miaka mingi kwa mtu anayekuja siku mbili kwa mwezi, ilipatikana kwa ajali za watu waliotangulia. Mzee anayekataa kumkabidhi kijana wa miaka 19 treni yenye abiria mia mbili hana roho mbaya. Anajua kijana akikosea nani atasimama mbele ya wakaguzi wa reli.

Mpaka hapo niko upande wake. Ninapoachana naye ni pale foleni mbili zinapofanywa moja. Kuna foleni ya ujuzi, ambayo hupimwa kwa mtihani na saa za kazi. Na kuna foleni ya umri wa uanachama, ambayo, tuseme ukweli, husogea kwa mazishi. Kijana anaweza kuvumilia ya kwanza miaka kumi akiona anasogea. Ya pili humchosha kwa msimu mmoja, kwa kuwa hakuna anachoweza kufanya ili isogee.

Chukua tambara lile la asubuhi. Kijana anapewa, anaambiwa, "Futa hapo mpaka pang'ae." Anafuta mikono ya chuma inayozungusha magurudumu, saa mbili, vidole vimeganda kwa baridi, kisha anatumwa kuchemsha chai. Akirudi nyumbani amejifunza kufanya usafi. Sasa mpe tambara hilo hilo, fundi achuchumae karibu naye dakika tano amwonyeshe kwa nini chuma hicho hufutwa: ufa mwembamba kama unywele hauonekani chini ya grisi na masizi, ila ukishafuta vizuri mafuta yaliyojificha ndani yake hujitokeza tena kama mstari mweusi. Kwamba msafishaji ndiye mkaguzi wa kwanza wa injini, na akiuona mstari huo ana haki ya kuizuia isitoke. Kazi ni ile ile, baridi ni ile ile. Huyu wa pili atarudi Jumamosi ijayo, tena atakuja na tochi.

Nje ya injini, sababu za kumsubirisha kijana huwa hafifu zaidi. Kuna gengi la njia linalobadilisha mataruma (yale magogo yanayobeba reli), vibanda vya ishara, gadi, mabehewa ya mbao yanayohitaji seremala, maduka, hesabu. Mtu wa miaka 22 anayesimamia bajeti kazini kwake huweza kukuta kwenye reli haaminiwi funguo za stoo. Kitu anachopewa bila kuomba ni ukurasa wa Facebook, kwa kuwa "nyie ndio mnajua mambo haya," na akishaukubali anagundua kuwa kutangaza maamuzi kumekuwa kazi yake ila kuyafanya si kazi yake.

Sheria nayo imechangia. Uingereza bado ina sheria ya 1920 inayokataza watoto walio chini ya umri wa kumaliza shule kufanya kazi katika shughuli za viwanda, na reli imo. Ilitungwa kwa nia njema kabisa, kuwatoa watoto katika migodi na viwanda, ila maneno yake yanawagusa hata wanaojitolea. Lord Faulkner wa Worcester, ambaye yuko karibu sana na reli hizi, alipeleka muswada bungeni kutaka ziondolewe katika katazo hilo. Wanaomuunga mkono husema mtu akifungiwa mlango akiwa na miaka 13, akifika 16 ameshapata mambo mengine. Wanaosita husema karakana si uwanja wa michezo, na kwamba sheria ya kumlinda mtoto ikishatobolewa kwa ajili ya watu wema, tundu halibagui anayepita. Naelekea kwa Faulkner, kwa sharti la usimamizi. Lakini sheria hii huwa kisingizio kitamu mno. Haimzuii mwenye miaka 20.

Usafiri nao una kejeli yake. Nyingi ya njia hizi zilifungwa kwa sababu zilipita mabonde yenye watu wachache. Zilipofufuliwa zilibaki pale pale, mbali na mabasi, na zamu huanza kabla basi la kwanza halijatoka. Mstaafu ana gari na wakati. Mwanafunzi hana vyote viwili. Reli ya Ffestiniog kaskazini mwa Wales ina hosteli ya wajitoleaji pale Minffordd, ambapo mtu hulala na kuamkia kazini. Kwangu mimi kitanda cha bei nafuu kina thamani kuliko kampeni nzima ya matangazo. Na wanaolala hosteli moja hupika pamoja, hubishana usiku, hupata marafiki wa rika lao, jambo ambalo hakuna kamati iwezayo kulipanga.

Je, wafundishwe kwa mshahara? Reli ya Severn Valley ilichagua njia hiyo, ikaanzisha chuo chake cha ufundi wa mvuke kule Bridgnorth kwa vijana wanagenzi. Faida iko wazi: mtu anayekuja siku tano kwa wiki hujifunza kwa mwaka yale ambayo wa wikiendi huyapata kwa miaka mitano. Wasiwasi nao ni wa kweli. Pesa hutoka wapi kila mwaka? Wajitoleaji wa kale hujisikiaje wanapofanya bure kazi ile ile anayolipwa jirani? Na mwanagenzi akishaiva, reli kuu au kiwanda humwita kwa mshahara ambao reli ya urithi haiufikii. Wapo wanaoita huo wizi. Mimi siuoni hivyo. Fundi aliyefunzwa mvuke anayefanya kazi kiwandani siku za juma bado anajua njia ya kurudi Jumapili, mradi hakuagwa kwa matusi.

Hapo ndipo hesabu za kubakiza watu zinapokosewa zaidi. Kijana anaondoka akiwa na miaka 18 kwenda chuo, anapata kazi mji wa mbali, anaoa au kuolewa, watoto wanakuja. Kwenye daftari la reli anaandikwa "amepotea." Kumbe huenda akarudi na miaka 40 akiwa na mtoto mkononi. Reli inayomtumia barua fupi kila mwaka, inayomruhusu kuja wiki moja tu ya kiangazi bila kumrudisha mwisho wa foleni, inaweka akiba. Inayomfutia cheti chake kwa kukosa zamu tatu inaitupa. Ni kweli ujuzi wa usalama hufifia, na anayerudi lazima apimwe upya. Ila kupimwa upya ni tofauti na kuanza upya.

Ipo hoja moja ya upande wa pili ambayo hainiachi kirahisi: pengine hakuna tatizo. Wastaafu ni zao lisilokwisha, kila mwaka wanazaliwa wapya, kwa hiyo reli ziendelee kuwapokea wenye miaka 60 na ziwaache vijana waishi. Ingekuwa sawa kama wastaafu wajao wangefanana na waliopita. Aliyekuwa na miaka 15 mvuke ulipokoma mwaka 1968 sasa amepita 70. Wanaomfuata hawana kumbukumbu hiyo, na wengi wao wakikumbuka reli ya utotoni wanakumbuka dizeli, ndiyo maana siku za treni za dizeli zimepata mashabiki wake, ingawa baadhi ya wazee huzinunia. Umri wa pensheni ya serikali umefika 66 na unapelekwa 67, kwa hiyo mtu anastaafu mgongo ukiwa umeshachoka. Taruma la mbao halijapungua uzito.

Kijana wa leo, basi, hawezi kuvutwa kwa kumbukumbu asiyokuwa nayo. Kinachomvuta, nadhani, ni mashine ambayo sababu zake zinaonekana kwa macho, tofauti na simu iliyozibwa gundi. Rika lake litamuuliza pia kuhusu moshi. Mgodi wa makaa wa Ffos-y-Fran kule Wales ulisimama mwaka 2023, reli zikabaki kutafuta makaa kutoka nje na kujaribu makaa ya kutengenezwa. Reli zinazokwepa swali hilo humwacha kijana alijibu peke yake. Zinazofanya majaribio hayo wazi zimempa kazi ya kisayansi, na ni afadhali apewe yeye kuliko mtu aliyekwisha kukata shauri kwamba makaa ya zamani yalikuwa bora.

Injini nyingi hufunguliwa zote kila baada ya miaka kumi hivi: boila linatolewa, mabomba yanang'olewa, kila kipande kinapimwa. Inayotoka karakanani mwaka huu itarudi muongo ujao. Fundi mwenye miaka 74 anayejua kwa nini bomba fulani halikai sawa hadi ulipinde kidogo hataliona tena likitoka. Kwenye ubao wa majina ya wanaofanya matengenezo hayo sasa hivi, nafasi iliyo chini ya jina lake iandikwe mtu wa miaka 17, na ashike spana yeye.