Pole ya Moshi na "sorry" ya Leeds

Mwaka wangu wa kwanza Leeds, mfanyakazi mwenzangu aliteleza kwenye ngazi na chai yote ikamwagikia sketi yake. Nikamwambia "sorry" mara tatu, kama vile ningempa pole nikiwa nyumbani Moshi. Alinitazama kwa mshangao, akasema mimi sikuhusika kwa lolote. Nami nilikuwa nangoja aniambie "nimeshapoa" tuendelee na kazi.

Neno "sorry" ni kivumishi, na katika Kiingereza cha kale lilitokana na neno lenye maana ya maumivu. Ndiyo sababu linafaa msibani, na linafaa pia umkanyagapo mtu, ingawa Waingereza hulitamka hata pale wanapokanyagwa wao. Likitangulia nomino hubadilika kabisa: nyumba ikielezwa kwa neno hilo, ujue ni duni na inatia huruma, wala hakuna anayejuta. Tatizo ni kwamba huruma na kukiri kosa vimefungwa katika neno moja, hata watu wakaogopa kulitamka baada ya ajali. Sheria ya Fidia ya mwaka 2006, inayotumika Uingereza na Wales, ikalazimika kueleza kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe.

Pole haina hofu hiyo. Pale Kiborloni, mjini Moshi, mama anayeshuka garini na mkungu wa ndizi hupewa pole ya mzigo, ya jua na ya safari na watu asiowajua, na hakuna anayeuliza nani alaumiwe. Kosa lina neno lake, samahani, tulilolipata kutoka Kiarabu, na hilo humtaka msemaji ajitaje mwenyewe kuwa ndiye aliyekosa.

Lakini hapo ndipo ninapowaonea wivu Waingereza, maana sisi, kwa kuwa na maneno mawili, tumejifunza kujificha nyuma ya lile jepesi. Likizo iliyopita nilimpelekea fundi cherehani mmoja kitenge cha harusi ya mdogo wangu, naye akakata mkono mmoja wa gauni mfupi kuliko mwenzake kwa vidole viwili. Aliunyoosha juu ya meza, akaupima upya kwa futi, akaguna, kisha akaniambia, "Pole sana, dada yangu." Pole, kana kwamba kitenge kilikatwa na mvua! Nilisimama pale nikisubiri samahani, nikapewa pole ya pili, pamoja na swali kama ningependa mikono yote miwili iwe mifupi.