Redio ya setilaiti kwenye gari: Dodoma nani atalipia?

Jamani mimi huku Marekani naendesha lori, na kwenye redio wenzetu wametupita. Unakata Nebraska nzima mpaka Wyoming stesheni ni ileile, haikwaruzi, maana SiriusXM, kampuni ya redio ya kulipia, wanarusha toka setilaiti moja kwa moja hadi kwenye kiantena juu ya kabini, mijini kwenye maghorofa wameongezea minara, na matangazo yaleyale yanakuja kwa njia zaidi ya moja, nyingine imechelewa sekunde chache, kwa hiyo ukipita chini ya daraja redio inatumia ilichokwisha kuhifadhi.

Nyumbani sasa, umetoka Dodoma unaenda Singida, Simba na Yanga dakika za mwisho, mmeshaipita Bahi redio inaanza kukoroma, abiria wanamfokea dereva utadhani yeye ndo refa, konda anazungushazungusha mpaka anachoka anachomeka flashi.

Na msidhani tulichelewa. AfriStar, setilaiti ya redio kwa ajili ya Afrika ya WorldSpace, kampuni ya Noah Samara mzaliwa wa Ethiopia, ilirushwa 1998, XM (waliokuja kuungana na Sirius wakawa SiriusXM) huku wameanza matangazo 2001! Ila zile redio zilikuwa za kuweka nyumbani, antena unaielekeza angani na inatulia hapohapo, kwenye gari linalotembea ndo basi tena. 2008 wakafilisika.

Wanaosema teknolojia hatuiwezi mi nakataa. Setilaiti za aina ile zinakaa juu ya Ikweta, kwa hiyo Dodoma ingekuwa karibu na utosini, kilima gani kitaiziba? Huku kaskazini ndo unaiona imeinama kusini, jengo tu linaikinga.

Shida ni mlipaji. Huku redio inakuja na gari jipya toka kiwandani, wanakuonjesha bure halafu simu zinaanza, lipia lipia (hao watu wanasumbua, we acha tu). Gari zetu nyingi ni za mtumba toka Japani, redio inaishia FM 90, mpaka fundi akufungie ekspanda, kile kifaa cha kuongeza masafa, ndo upate stesheni za huko juu. Mwenye gari hiyo ndo umwambie alipie kila mwezi? Atakucheka.

Mteja ni mwenye basi. Kifaa kimoja wanasikia watu hamsini, analipia kama mwenye baa anavyolipia king'amuzi, na siku ya dabi abiria watajua wenyewe wapande lipi. Mtasema bando lipo, sawa, jaribuni kustrimu mpira mkiwa porini kule Manyoni halafu mnipe majibu.