Sura Yangu Imepata Soko, Nimenyimwa Leseni

Mimi sina ugomvi na mtu. Nauliza tu: mtu akiwa na sura mbaya, aipeleke wapi?

Maana hii nimeishi nayo miaka 43. Kwenye daladala siti ya pembeni yangu ikiwa wazi, abiria wanasimama mpaka Mbagala Rangi Tatu, kila mmoja anajifanya anashuka kituo cha mbele. Mtoto wa jirani akigoma kulala, mama yake anamwambia, "Nyamaza, nitamwita baba Zuhura." Baba Zuhura ndiye mimi, nimekaa kibarazani kwangu nakunywa chai, sina habari. Siku ya picha ya leseni, kijana wa kamera akaniomba nilegeze uso. Nikamwambia nimeshalegeza. Akapiga, akaitazama, akanitazama, akasema, "Mzee, tuache tu hivyohivyo." Sasa trafiki nikimkabidhi leseni ile, anairudisha haraka kama kashika sufuria ya moto. Hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuila kwenye sura hii.

Basi wiki iliyopita wakaja vijana mtaani kwetu na kamera zao, wanapiga tamthilia ya mtandaoni. Hadithi wameichukua ile ya bibi zetu: watoto wa kike wanakwenda pwani kuokota kombe, mmoja anasahau lake juu ya jiwe, anarudi peke yake, anakuta zimwi limekaa. Zimwi linamtia ndani ya ngoma, linamzungusha vijijini, likipiga ngoma mtoto anaimba mle ndani, watu wanalitunza wali na kuku. (Nawajua wanamuziki wa siku hizi ambao hawajawahi kulipwa kuku.)

Nikasikia wanatafuta zimwi. Nikasema, Alhamdulillahi, siku imefika. Nilikuwa nimetoka kushusha gunia kumi na mbili za mkaa. Mama Zuhura akaniwekea maji ya kuoga, nikamwambia maji yasubiri, ninakwenda kazini.

Kufika, nakuta zimwi limeshapatikana. Ni nani? Yule hendsam anayeuza manukato pale kituoni. Kijana ana meno meupe kama kachumbari ya nazi, nyusi amezichonga, pua imesimama yenyewe. Wamempaka unga wa ngano na masizi, wamemmwagia tomato kidevuni. Jua la saa sita likaupiga ule unga, jasho likaukanda, mpaka adhuhuri usoni pana donge la chapati mbili. Na aliponiona akainama kwa adabu: "Shikamoo, mzee."

Zimwi gani linatoa shikamoo?

Nikamfuata dairekta. Nikamwambia, mwanangu, mimi kirikuu yangu ikikosa mzigo huwa nalala kwenye usukani nasoma simu, kwa hiyo haya mambo yenu nayajua kuliko unavyodhani. Umewahi kumsikia Boris Karloff? Mwingereza yule, jina la kwao William Henry Pratt. Alihangaika Marekani miaka na miaka na vinafasi vya kupita nyuma ya watu, na filamu zikikosekana alikuwa anaendesha lori. Dereva wa mizigo, kama mimi! Mwaka 1931 ana miaka 43, kama mimi! Yuko mgahawani mwa studio anakula chakula chake, mwongozaji James Whale akamwona, akamwita mezani, akamwambia anataka kumjaribu kuwa zimwi la filamu ya Frankenstein. Karloff mwenyewe alisimulia baadaye kwamba moyo ulimuuma kidogo, kwa kuwa siku hiyo alikuwa amevaa suti yake nzuri kuliko zote. Umeona? Mwenzangu aliumia kwa kuchaguliwa. Mimi nimekuja na mkaa mwilini, kwa hiari yangu, na bado unanikalisha kwenye ndoo.

Na tuelewane, Frankenstein ni jina la yule aliyelitengeneza zimwi. Zimwi lenyewe halikupewa jina. Watu wanaliita kwa jina la fundi wake, kama mimi ninavyoitwa kwa jina la niliyemzaa. Mtaa mzima huu, atakayelijua jina langu halisi nampa soda.

Sasa twende kwenye gharama, maana dairekta huyu muda wote analia bajeti. Karloff alikuwa anakalishwa kitini na fundi wa kupaka, Jack Pierce, muda unaokaribia saa nne, kila siku: pamba, gundi, rangi ya kijani. Ili shavu moja libonyee, akatoa meno yake ya bandia ya upande mmoja. Mimi magego mawili ya kulia yalishang'oka zamani, shavu limebonyea bure, gharama nililipa mwenyewe. Wakamvisha viatu vizito vya walaza lami ili atembee kwa kuburuza. Mimi mguu wa kushoto uliangukiwa na gunia la mchele, naburuza hata nikiwa na kandambili. Filamu ilipoanza, majina ya wachezaji yanapita, penye jina la zimwi wakaweka alama ya kuuliza. Mimi wala sidai jina. Niwekeeni hata mkato.

Dairekta akakuna kichwa. Mama Zuhura, ambaye alikuwa amenifuata na ndoo ya maji, akadakia. Huyu mwanamke badala ya kunipigia debe akasema, "Lakini baba Zuhura, mazimwi ya sinema si huwa marefu?"

Nikamwambia hapo umesema kweli lakini umeisema mahali pabaya. Yupo Bolaji Badejo, kijana wa Kinaijeria, alikuwa mwanafunzi London. Urefu wake ulipita mita mbili, miguu na mikono imekwenda hewani kama mnazi. Akaonekana baa, akachukuliwa, akavishwa lile dude la filamu ya Alien ya mwaka 1979. Hakuwahi kuwa mwigizaji! Wakampeleka kujifunza tai chi ili ajue kutembea polepole. Mimi polepole nimejifunza kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Urefu sina, nakubali, lakini upana ninao, na kamera si inalazwa?

Hapo dairekta akaona anazidiwa, akatoa silaha. "Mzee, kutisha siyo ubaya wa sura. Lupita Nyong'o, yule mwigizaji, si dada yetu wa hapo jirani Kenya? Mzuri au si mzuri? Mbona mwaka 2019 kwenye filamu ya Us aliwatisha watu dunia nzima?"

Nikanyamaza kidogo. Nitasema uongo nikisema hoja haikunigusa. Lupita nimemtazama mimi, saa nane usiku, kwenye simu ya Zuhura, na nilipomaliza sikutoka nje kukojoa mpaka kulipokucha. Anacheza watu wawili humohumo, mama wa familia na kivuli chake, sura ni ileile moja. Lakini ulisikiliza ile sauti ya kivuli? Inatoka kama bawaba ya mlango ambao haujafunguliwa tangu msiba. Alikwenda kuangalia wagonjwa ambao misuli ya koo inawakaba wakitaka kusema, ndipo akaipata. Akabadilisha koo, akabadilisha shingo, akabadilisha jinsi ya kupepesa macho. Sasa huyu hendsam wenu amebadilisha nini? Tomato! Na tomato yenyewe ameilamba.

Nikaendelea kupigilia humohumo. Tony Todd, Mmarekani, kwenye filamu ya Candyman ya 1992 alikubali nyuki wa kweli wamtambae mdomoni. Lakini kwanza akapatana: kila akiumwa mara moja, dola 1,000. Akaumwa mara 23. Piga hesabu. Huo ndio utaalamu. Mimi kwa mbu wa huku Mbagala, sidai kwa kichwa cha mbu, tungefunga bei ya jumla, na ninalala nje siku tatu mfululizo. Muulize hendsam kama atakubali nzi mmoja. Kuna mmoja alikuwa anamzunguka kwa ajili ya ile tomato, alikuwa anapiga kelele utadhani amekanyaga waya wa umeme.

"Haya," dairekta akasema, "nguruma basi tukuone."

Wakamleta mtoto anayecheza yule wa kombe, binti wa miaka sita hivi, nywele za twende kilioni. Nikarudi nyuma hatua tatu. Nikajaza kifua. Nikanguruma ngurumo ambayo nimeiweka akiba tangu mwaka niliooa. Mbwa wa jirani akaingia chini ya kibanda. Mama ntilie akadondosha mwiko. Mtoto akanitazama, akaniuliza, "Babu, una lambalamba?"

Vijana wote wakaangua kicheko. Na dairekta akanishika bega, kwa upole kabisa, akanitia kisu: "Tatizo lako, mzee, hutishi. Sura yako inatia huruma. Tukipata sini ya mgonjwa au mwombaji, tutakuita."

Inatia huruma! Miaka 43 nakimbiwa kwenye daladala, leo nikiipeleka sura sokoni naambiwa ni ya huruma? Kama ni ya huruma, nauli zangu zote nilizokaa peke yangu kama balozi, nani atanirudishia mazungumzo yale?

Lakini sikukasirika, maana alikuwa ameingia mwenyewe kwenye mtego. Nikamwambia, mwanangu, hiyo huruma ndiyo kazi yenyewe. Hukumtazama Karloff pale ziwani? Binti mdogo anampa maua, wanayarusha majini yaelee, zimwi linacheka kama mtoto. Maua yanaisha, zimwi linamrusha na binti, linadhani naye ataelea. Ukilitazama hujui ukimbie au ulishike mkono. Na binti aliyecheza pale hakumwogopa hata chembe: siku ya kwenda huko ziwani, Karloff ameshapakwa kila kitu, yeye ndiye aliyeomba wapande gari moja.

Dairekta akanyamaza. Akatazama chini. Akamtazama hendsam, ambaye alikuwa anabandua chapati shavuni. Akasema, "Mzee, kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa. Tunakwenda pwani, Kigamboni."

Moyo ukaniruka. Nikamgeukia mama Zuhura nimwone atakavyonitazama.

"Uje na kirikuu," akamalizia. "Ngoma ya zimwi haiingii kwenye Noah."

Nikamtajia elfu arobaini. Akasema thelathini. Tukaachana kwenye thelathini na tano, na kivuko juu yao.

Asubuhi nimefika. Nimefunga ngoma kwa kamba, nimeilaza vizuri. Hendsam wameshampaka, safari hii kwa kitaalamu, wamemchanganyia na gundi ya mbao, kakaa siti ya mbele ya Noah na kiyoyozi. Wakamfungulia mtoto mlango wa nyuma. Mtoto akamwona yule, akapiga ukelele, akakumbatia mguu wa mama yake. Wakambembeleza, wakampa biskuti, wapi. Jua linapanda, dairekta anatazama saa, kameramani anatukana kimoyomoyo.

Mtoto akanyoosha kidole kwenye kirikuu.

Tumevuka naye bahari, mimi, yeye na mama yake, siti ya mbele, tumebanana, anaimba ule wimbo wa ndani ya ngoma mwanzo mpaka mwisho na mimi nampigia dashibodi. Kwenye kivuko akataka lambalamba mbili, moja yake na moja ya ngoma. Nikanunua. Mia tano mbili, elfu moja taslimu, mpaka leo dairekta hajanirudishia, na nikimpigia simu haipokei.