Ni mbuzi, si ng'ombe, na hakunivunja mkono

Haya, nimeona. Voisi ya Mudi, ile inayodai mbuzi kaniburuta hadi barabarani akanivunja mkono, imefika hadi kwa fundi mwenzangu aliyeko Mtwara, jana kanipigia kunipa pole ya kukanyagwa na ng'ombe. Ng'ombe! Juzi tu alikuwa mbuzi. Tukienda hivi, mpaka Ijumaa nitakuwa nimepigana na kifaru. Kwa hiyo naandika mwenyewe, kwa dole gumba la kushoto, na herufi zikirukaruka mnivumilie.

Mudi ni shemeji yangu, mdogo wake Mama Aisha. Wanaomjua wanajua. Msiomjua, Mungu awazidishie.

Mbuzi yupo, sikatai. Tulimnunua mnadani Pugu siku moja kabla ya Idd, beberu wa kahawia mwenye macho ya baba mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Muuzaji alikuwa kamshika kwa mkono mmoja kama kashika mwavuli. Akanikabidhi kamba, akasema, "Usimwachie huyu, ana mbio." Nikaizungusha kamba kiganjani mara tatu. Tatu, wapendwa. Mtu mzima wa miaka 46, fundi wa dari za jipsam, najua kabisa kamba ikishazungushwa mkononi haikuulizi tena maoni yako.

Basi likapiga honi. Mbuzi akaondoka, mkono wangu wa kulia ukaondoka naye, mimi nikabaki naangalia upande mwingine nahesabu chenji. Begani kukalia "prrrt", sauti ile ile ya muuza vitambaa akikuchania mita moja. Na sikuburutwa hadi barabarani kama voisi inavyodai. Zilikuwa hatua nne, ya nne nikakalia beseni la nyanya la mama mmoja. Nikazilipa zote. Hilo limeisha.

Naona kuna anayetaka kuniuliza kwa nini sikwenda hospitali siku ileile. Kesho Idd, mama mkwe yuko kwenye basi anatoka Tanga, niende hospitali nikaseme nini? Halafu bega lenyewe lilikuwa linauma tangu mwezi wa pili. Miaka 14 nafunga dari, mikono iko juu asubuhi mpaka jioni kama mtu aliyekamatwa. Nilikuwa najipaka dawa ya kuchua, nalalia ubavu wa kushoto, maisha yanakwenda. Mudi alinitazama mara moja tu akasema, "Shem, hilo limeteguka," akavua kiatu, anataka aniwekee kisigino kwapani avute. Kaona kwenye simu. Mama Aisha akamtoa na mwiko, Mungu amlipe.

Usiku ndipo nilipojua kuna kazi. Chumba chetu tulimpa mgeni, kama desturi, mimi nikatandikiwa godoro sebuleni. Bega la namna hii mchana linakuchekea, usiku linakuja kudai. Nikigeuka kidogo tu kulia, naamka nimekaa kitako. Nilikesha nimelaza mkono juu ya mto, natazama dari niliyoifunga mwenyewe. Kuna kiungo kimoja pale kona ya dirisha sijakipiga msasa vizuri. Nimekijua usiku ule.

Sasa saa kumi na mbili asubuhi. Hapa twende polepole, maana hapa ndipo Mudi alipomwaga chumvi yote.

Kanzu mpya, nimeshonesha Kariakoo, elfu arobaini na tano. Vipimo nilichukuliwa kabla ya Ramadhani, na Ramadhani yangu mnaifahamu, nafunga vizuri ila nafuturu vizuri zaidi. Nimesimama katikati ya sebule na bukta peke yake, bukta ya zamani, lastiki yake imeshastaafu. Nikainua kanzu. Nikapitisha kwanza mkono mzima, wa kushoto, ukateleza mpaka juu raha mustarehe. Kichwa nacho kikaingia gizani kutafuta shingo. Ukabaki wa kulia. Ukapanda, ukafika usawa wa kifua, ukasimama. Nikausukuma. Nikaona nyota, mchana haujaanza.

Nikataka kurudi nyuma nianze upya. Hakurudiki. Mkono wa kushoto umeshika mbingu, umebanwa na mkono wa kanzu. Kichwa kiko usawa wa tumbo la kanzu, nanusa nguo mpya. Kiwiko cha kulia kimenasa ubavuni kama kuku aliyefungwa kwenda mnadani. Kuanzia kitovu kushuka chini niko hadharani. Nikajaribu kuzunguka, nikagonga meza. Nikazunguka upande wa pili, nikagonga televisheni. Nikasimama, nikatulia, nikawaza kuhusu yule mbuzi nyuma ya nyumba, ambaye saa hiyo alikuwa amepumzika zaidi yangu.

Mlango ukafunguka. Ndara zikaburuzika mpaka mbele yangu, zikasimama.

Nikasema, kwa sauti ya chini, "Mama Aisha, nivute huku nyuma, fanya haraka mama yako hajaamka. Yule akinikuta hivi atakaa na hii hadithi mpaka kaburini."

Kimya.

Halafu kikohozi. Kidogo tu, cha adabu. Kikohozi kile nakifahamu miaka 17.

Wewe unayecheka hapo, hebu niambie ungefanyaje. Mimi nimelelewa. Mkwe wako akisimama mbele yako asubuhi, kuna neno moja tu la kusema, uwe umevaa au hujavaa. Nikalisema, ndani ya kanzu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama mama. Umelalaje?"

"Nimelala salama, namshukuru Mungu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo mama."

"Na mbuzi?"

"Naye hajambo mama."

Tukamaliza salamu zote. Hakuna iliyorukwa. Kisha nikasikia upepo kidogo, na kanga ikanitua kiunoni, ikafungwa fundo moja la nguvu na mikono ambayo imefunga kanga miaka sitini. Baadaye niliisoma jina lake: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nawaapia. Ndipo akaita, kwa utulivu uleule, "Mudi, njoo na mkasi."

Mudi alikuja na simu. Mkasi akaufuata baadaye.

Kanzu ikachanwa kuanzia shingoni hadi kwapani. Prrrt. Bega langu likajikunja lenyewe, lilidhani ni zamu yake tena.

Swala nilikwenda na shati. Swala ya Idd, mnajua, ina takbira saba rakaa ya kwanza na tano rakaa ya pili. Kila takbira mkono wa kushoto unafika sikioni, wa kulia unaishia kwenye mkanda. Mtoto aliyesimama kando yangu alinitazama mara mbili, tatu, akaamua labda ndivyo inavyofundishwa siku hizi, akaanza kuniiga. Baba yake akaniangalia mpaka salamu.

Kesho yake nikapelekwa hospitali. Nasema nikapelekwa, mama mkwe mwenyewe alikaa kiti cha mbele cha bajaji.

Daktari ni binti mdogo, mpole. Akaniambia inua mkono pembeni. Ulipoanza kupanda sawa, ulipofika katikati ukagoma. Akauinua yeye, ukapita mpaka juu. Kumbe mlango unafunguka, kitasa ndicho kibovu. Akasema nyoosha mkono mbele, geuza dole gumba lielekee chini kama unamwaga soda. Akaukandamiza kwa vidole viwili. Mkono ninaobebea mabamba ya jipsam ukashuka kama kizuizi cha getini. Akaandika kitu, akasema, "Hii ni rotata kafu."

Nikamwambia, "Hapana daktari, sikupigwa kofi na mtu. Ni mbuzi."

Alitoka nje kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Akanieleza hivi. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama chungwa, na mahali kinapokaa begani ni kama kisahani, tena kidogo. Chungwa halikai kwenye kisahani kwa mapenzi. Kuna misuli minne inatoka kwenye bapa la bega, kano zake zinalikumbatia lile chungwa lisiteleze wakati mkono unapanda. Hizo ndizo rotata kafu. Ya juu kabisa inaitwa suprasipinatusi, inapita chini ya mfupa uliokaa kama paa, na hiyo ndiyo inayochanika mara nyingi. Yaani miaka yote nawafungia watu dari, kumbe na mimi ninayo begani, na ya kwangu ndiyo inavuja.

Eksirei ilitoka safi. Mudi akashangilia kwamba mgonjwa ni mzima. Daktari akamwambia eksirei inaonyesha mifupa, kano haionyeshi. Altrasaundi ndiyo ikasema: imechanika sehemu, haijakatika yote. Na akanambia mbuzi asilaumiwe sana. Kano ilikuwa inalika pole pole kwa umri na kwa kazi ya mikono juu, yale maumivu ya tangu mwezi wa pili ndiyo yalikuwa barua, mbuzi aliweka sahihi tu. Ingekatika yote kwa mkupuo ule, ningetakiwa kuonana na madaktari wa upasuaji mapema, kwa sababu kano iliyokatika hujivuta nyuma na msuli wake husinyaa na kugeuka mafuta, ukichelewa kuifunga tena kwenye mfupa inakuwa kazi. Wanatoboa matundu madogo, wanaingiza kamera, wanaishona. Baada ya hapo mkono unaning'inizwa wiki kadhaa, halafu miezi ya mazoezi. Nilimsikiliza huku nimeshika kiti.

Mimi nimepewa dawa za maumivu, nimekatazwa dari kwa sasa, na mazoezi. Siyo kuufunga mkono moja kwa moja, bega likikaa bila kutumika linaganda. Asubuhi nainama nimeshika meza, mkono mgonjwa unaning'inia unabembea wenyewe kama mkonga wa tembo, Aisha na wadogo zake wamepanga viti wanatazama. Jioni vidole vinapanda ukutani kama mjusi, napiga alama ya penseli vilipofika. Juzi mjusi alikuwa usawa wa kidevu, jana kashuka. Baadaye kuna mazoezi ya kuvuta utepe wa mpira. Wamesema nihesabu miezi, siyo siku.

Ila yule mtaalamu wa mazoezi aliniumiza. Aliuliza, "Nguo unavaaje?" Nikanyamaza. Akasema, "Mkono mgonjwa unaingia wa kwanza, unatoka wa mwisho. Ukianza na mzima utanasa." Mudi alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Mama mkwe aliondoka Jumanne. Hakugusia lolote, kwaheri yake ilikuwa "ugua pole baba" na macho yakaangalia pembeni. Jana kikaja kifurushi kwa basi la Tanga. Ndani kuna shati, la vifungo vya mbele kuanzia juu mpaka chini, mikono mipana, saizi mbili zaidi ya yangu. Limefungwa ndani ya kanga ileile, imefuliwa na kupigwa pasi.

Aliyekwenda kukipokea stendi ni Mudi. Ndiyo, alishakifungua. Ndiyo, picha mnazo.