Lita 20 za Juisi ya Meza ya Bwana

Chama chetu kina wanachama 12, akina mama wa Umoja na Kayole, na wote isipokuwa mimi na Mama Mitumba ni wa kanisa moja ambalo halitaki kusikia habari za pombe nje ya Meza ya Bwana. Nalitaja hili mapema kwa sababu mtu akiambiwa tulikwenda Naivasha kuonja mvinyo, atadhani tulijua tunakokwenda.

Aliyeleta wazo ni Mweka Hazina. Alikuwa ameona tangazo kwenye simu: safari ya siku moja, bonde lenye mizabibu, usafiri, chakula cha mchana na mwongozaji, vyote kwa bei moja. Neno mvinyo lilikuwepo, ila lilikuwa chini, pale unapotakiwa kubonyeza "soma zaidi", na Mweka Hazina habonyezi kitu chochote kinachoweza kumlia bando.

Mwenyekiti alilipitisha papo hapo. "Mizabibu imo kwenye Biblia tangu Nuhu," akasema, bila kutukumbusha kilichompata Nuhu.

Alikuwa pia na lake moyoni. Kwa muda mrefu chupa ya divai iliyowekwa kwenye chumba cha wazee wa kanisa ilikuwa ikipungua kati ya Jumapili moja na nyingine, na hakuna aliyekuwa na maelezo. Mwenyekiti alitaka kanisa lihamie juisi ya zabibu, safi, isiyoongezwa kitu, ambayo hakuna mzee angeifuata gizani. Kwake safari hii ilikuwa kazi ya Mungu, kwa hiyo akaagiza wote wavae sare: blauzi nyeupe, sketi nyeupe na kitambaa cheupe cha kichwa. Mimi, kama katibu, niliandika agizo hilo kwenye kumbukumbu za mkutano. Mama Mitumba akaenda Gikomba akajitafutia gauni jeupe lenye shanga, la harusi ya mtu fulani huko Ulaya.

Jumamosi tukajaza matatu ya viti 14: sisi 12, dereva na mwongozaji. Dereva alikuwa kijana mpole, Mwislamu wa Eastleigh, ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Tafadhali mkumbukeni.

Mwongozaji naye alikuwa kijana wa kizibao, aliyesomea mambo ya mvinyo, na moyo wake wote ulikuwa Ureno, kwenye bonde la mto Douro. Tangu Westlands hadi Limuru tulisikia Douro. Kwamba mwaka 1756 Marquês de Pombal aliweka mipaka ya eneo lile ili mtu asichukue divai ya kwingine akaiuza kwa jina lake. Kwamba mizabibu imepandwa kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe, milima mizima. Kwamba zamani mapipa yalishuka mtoni kwa mashua ziitwazo rabelo hadi Vila Nova de Gaia. Aliisimulia vizuri kweli, na angeendelea hadi Naivasha kama tusingefika Soko Mjinga.

Hapo tulipoteza saa nzima. Mwongozaji alijaribu kueleza kwamba watu hununua viazi wakati wa kurudi. Mweka Hazina akamwuliza kama kurudi tutapita barabara hii ya juu au ya Mai Mahiu. Alipojibu Mai Mahiu, hoja yake ikawa imekwisha. Yakaingia magunia mawili ya viazi, kabeji 20 na karoti nisizozijua idadi, na kuanzia hapo kila mtu alisafiri magoti yakiwa kidevuni. Mlima Longonot, mita zake 2,776 zote, tuliuona kupitia majani ya kabeji.

Tulipovuka daraja la Malewa mwongozaji akasimama, kadiri mtu anavyoweza kusimama ndani ya matatu, akanyoosha mkono. "Akina mama, huu ndio Douro wetu!"

"Huu ni Malewa," akasema Mama Mitumba. "Unatoka Nyandarua. Mama mkwe anakaa huko juu na hajawahi kutuambia kuna divai."

Shamba lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kulisema vibaya. Safu za mizabibu zimenyooka, hewa ni safi, na jua halichomi sana maana Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Mwongozaji alitueleza jambo lililonishangaza: Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka majira yakigeuka, lakini hapa karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi wa kupogoa, na anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Akatwambia pia kwamba juisi ya zabibu nyingi nyekundu ni nyeupe, rangi imo kwenye maganda, ndiyo maana divai nyekundu huachwa pamoja na maganda yake ndani ya pipa. Mwenyekiti alikuwa anapigwa picha.

Kisha tukaketishwa kwenye meza ndefu yenye kitambaa, kila mtu akawekewa glasi, na katikati ndoo ndogo zinazong'aa. Glasi zikamiminwa. Kimya kikaingia.

"Kijana," Mwenyekiti akasema, "hii ni nini?"

"Sauvignon Blanc, mama."

"Sijauliza jina lake. Nauliza kama ni pombe."

Kijana akatazama sare nyeupe 10 zilizopangana mbele yake, nadhani kwa mara ya kwanza akaelewa alichobeba. Akajaribu kutuliza mambo. Akasema si lazima kumeza: unaizungusha, unainusa, unaionja, halafu unatema ndani ya ndoo. Hili likamwudhi Mweka Hazina, ambaye hata hakuwa na nia ya kunywa. Alitoa simu, akagawanya nauli na chakula, akatutangazia mate hayo yangegharimu shilingi ngapi kwa kila funda. Mwenyekiti akaongeza kwamba ilikuwa saa tano asubuhi, na sheria ya pombe ya 2010, ile ya Mututho, inasema wikendi pombe huanza kuuzwa saa nane mchana, na Mututho mwenyewe alikuwa mbunge wa hapa hapa Naivasha, kwa hiyo wasijifanye hawakusikia. Mwongozaji akasema shamba lina kibali chake. Mwenyekiti akasema hata Firauni alikuwa na kibali.

Mimi na Mama Mitumba tulionja, tukazungusha, tukatema kama tulivyofundishwa. Tulikuwa wanafunzi wazuri sana siku ile.

Aliyeokoa hali ni mfanyakazi mmoja wa pale, mzee mwenye huruma, aliyeingia kwenye banda la mapipa akatoka na jagi la juisi. Ilikuwa nyekundu, tamu, yenye povu kidogo, na iliwasha ulimi kwa namna ya kupendeza. Akina mama wa sare wakaipokea kwa shangwe. Vikombe vya plastiki vikatoka kwenye viondo, maana hawa hawaendi popote bila vikombe, na jagi likarudi bandani mara kadhaa.

"Imeongezwa kitu hii?" Mwenyekiti aliuliza.

Hapo kijana wetu wa Douro akapata nafasi tena. Akasema huko Ureno, wanapotengeneza ile divai tamu ya Porto, juisi ikiwa katikati ya kuchacha humiminiwa pombe kali ya zabibu, ile chachu inakufa, na sukari iliyobaki haigeuki tena. Bila hivyo chachu hula sukari hadi imalize, ikitoa pombe na gesi.

Katika maelezo yote hayo Mwenyekiti alisikia "pombe kali" peke yake. Akashika kifua. "Na hii yetu?"

"Hii haijaongezwa hata tone, mama. Zabibu tupu."

"Basi tupimieni lita 20."

Ukitafakari, lile tatizo lilitatuliwa zamani. Mwaka 1869 huko New Jersey, Marekani, daktari wa meno Mmethodisti aitwaye Thomas Welch alitaka hasa kitu alichotaka Mwenyekiti, juisi ya Meza ya Bwana isiyogeuka pombe, na alichofanya ni kuipasha moto ndani ya chupa hadi chachu ikafa. Sufuria na jiko tu. Lakini sisi tulikuwa tumejitwika fundisho kwamba kitu safi hakiguswi.

Mtungi wa plastiki ukaletwa, wa manjano, ukajazwa hadi shingoni. Yule mzee alisema wazi, tukiwa tunapanga kabeji upya, kwamba juisi imekaa pipani siku mbili na tusikaze kifuniko, tuiache ipumue. Mweka Hazina alimsikia vizuri. Akawaza barabara ya Mai Mahiu na mashimo yake, akawaza bei ya kila lita, akatoa kwenye kiondo kipande cha mfuko wa nailoni, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2017 ambayo yeye bado ana akiba yake, akakiweka mdomoni mwa mtungi, akakaza kifuniko kwa mikono miwili. Kisha, kwa kuwa nyuma kulijaa viazi, mtungi ukawekwa mbele, nyuma ya kiti cha dereva. Kwa wasiozijua matatu hizi, injini iko chini ya viti hivyo vya mbele, na sakafu yake inaweza kuivisha githeri.

Safari ya kurudi ilianza kwa nyimbo. Si kawaida ya akina mama wale kuimba kwa sauti ile. Pambio zilianza katikati, zikaruka beti, zikarudi kwa wimbo mwingine. Mama mmoja, ambaye kwenye mikutano husema tu "naunga mkono", alitusimulia habari za posa yake hadi mahali ambapo dereva aliongeza sauti ya redio. Mwenyekiti alicheka hadi kitambaa kikaanguka. Mama Mitumba aliniinamia. "Katibu," akanong'ona, "hawa wamekunywa nini ambacho sisi hatukunywa?"

Karibu na Mai Mahiu mwongozaji aligeuka kuhesabu watu, macho yake yakatua kwenye mtungi. Ulikuwa umefura tumbo mithili ya diwani wa muhula wa pili. Pembe zake zote zilikuwa zimepotea. Kijana akabadilika rangi.

"Dereva, tusimame kidogo," akasema, akijaribu kutuliza sauti. "Akina mama, pale mwanzo wa mlima kuna kanisa dogo sana, lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hii. Mtalipenda."

"Tumechelewa," Mwenyekiti akasema. "Kanisa tunalo Umoja."

"Basi mama, huo mtungi, legezeni kifuniko. Polepole."

Mweka Hazina akauegemea mtungi kwa mguu. "Kijana, wewe umeshalipwa."

Kanisa la Waitaliano likapita kushoto au kulia, sikumbuki, kwa kuwa wote tulikuwa tukitazama mtungi. Tukaanza kupanda. Lita moja ya juisi ikichacha hadi mwisho hutoa zaidi ya lita 40 za gesi. Sisi tulikuwa na lita 20, sakafu ya moto, na mlima ambao kadiri unavyoupanda ndivyo hewa ya nje inavyopunguza kuukumbatia mtungi. Tulikuwa nyuma ya lori la saruji. Kwanza ulisikika mlio mwembamba, kama wa mtu anayelalamika puani. Kisha kifuniko kikaondoka.

Kiligonga dari. Juisi ikakifuata, ikapiga dari na kurudi chini kwa wote bila upendeleo. Dereva alipigwa kisogoni, akasema maneno ya Kisomali ambayo hatukuomba tafsiri, lakini mkono wake haukuyumba. Alitupeleka pembeni taratibu mpaka tukasimama. Ndani, akina mama 10 wa sare nyeupe walikuwa wekundu kuanzia kitambaa hadi kiatu. Mama Mitumba peke yake alikuwa amejificha nyuma ya kabeji. Mtungi uliendelea kutoa povu, ukikohoa.

"Damu ya Yesu!" mtu akalia. Hakuna aliyejua kama ni sala au maelezo.

Jua lilikuwa limezama tulipokaribia Kikuyu na kukuta askari wa barabarani na Alcoblow, mashine yao ya kupima pombe kwenye pumzi. Afande alifungua mlango, akarudi nyuma hatua mbili. Harufu ilikuwa imetangulia kumsalimia.

"Dereva, puliza."

Dereva wetu akapuliza. Sifuri. Afande akabadilisha kipulizio, akamwambia apulize tena, kwa nguvu. Sifuri. Akaitikisa mashine, akamwita mwenzake, wakaitazama pamoja kwa tochi.

"Hii kitu imeharibika," mwenzake akasema.

Hapo Mwenyekiti akashuka. Kitambaa kilikuwa kichwani upande, sare ikidondosha, lakini alisimama mbele ya serikali kwa heshima yake yote. "Afande, hiyo mashine ni nzima. Huyu kijana hanywi, na sisi ni watu wa kanisa, tunatoka kutafuta juisi ya Meza ya Bwana. Kama hamwamini, nipimeni mimi. Sijaonja pombe tangu nizaliwe."

Sote tukanyamaza ndani ya gari. Mimi na Mama Mitumba tukashikana mikono. Mwenyekiti akavuta pumzi, akapuliza kwa muda mrefu.

Mashine ikalia.

Afande akaisoma, akamtazama Mwenyekiti, akaisoma tena. "Mama," akasema kwa upole, "wewe si dereva, kwa hiyo huna kosa. Panda gari uende ukapumzike."

Mwenyekiti hakupanda. Alibaki akikitazama kile kifaa mkononi mwa askari, na niliona uso wake ukitoka kwenye aibu, ukipita kwenye hesabu, hadi ukafika mahali pengine kabisa.

"Afande," akasema, "hii inauzwa pesa ngapi? Kuna wazee fulani nataka niwapime kesho asubuhi kabla ya ibada."