Joshua, Wilder na hoja ya moyo wa bingwa

Mwaka 2018 mikanda minne mikubwa ya ngumi za uzito wa juu, kila mmoja wa shirikisho lake, ilikuwa mikononi mwa watu wawili: Muingereza Anthony Joshua, aliyekuwa na ile ya WBA, IBF na WBO, na Mmarekani Deontay Wilder, aliyeshikilia wa WBC. Upande wa Wilder ulitangaza kwamba uko tayari kutoa dola milioni 50 ili Joshua akubali kupanda ulingoni, upande wa Joshua ukajibu kwa masharti yake, na pambano halikufanyika. Tangu hapo mashabiki wamelipigana wenyewe kwa maneno, na hoja iliyodumu kuliko zote ni ya akili: kwamba Wilder alikuwa na moyo wa bingwa, ilhali Joshua, pamoja na umbo na nguvu zake zote, alikuwa na moyo mwepesi.

Wanaomtetea Wilder hawasemi ovyo. Kijana huyo wa Tuscaloosa, Alabama, aliingia kwenye ngumi akiwa mtu mzima tayari, akitafuta fedha za kumtibu binti yake aliyezaliwa na maradhi ya uti wa mgongo, na muda si mrefu akarudi na medali ya shaba ya Olimpiki ya Beijing ya 2008. Kabla ya kukutana na Muingereza Tyson Fury mnamo Desemba 2018 alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40, na 39 kati ya hayo yaliisha kabla ya muda. Katika pambano lao la tatu, Oktoba 2021, aliangushwa raundi ya 3, akainuka na kumwangusha Fury mara mbili katika raundi ya 4, kisha akaendelea kupokea makonde mazito hadi alipolazwa raundi ya 11. Hakuna mtu mwenye haki anayeweza kuutilia shaka ujasiri wa usiku ule.

Mashtaka dhidi ya Joshua huanzia Madison Square Garden, tarehe 1 Juni 2019, mbele ya Andy Ruiz, bondia mnene aliyeitwa dakika za mwisho kuziba pengo la Jarrell Miller aliyenaswa kwa dawa zilizopigwa marufuku. Katika raundi ya 7 Joshua alikwenda chini kwa mara ya nne. Aliinuka, lakini alikuwa ametema kinga ya meno, na alisimama konani akiwa ameegemea, mikono yake mirefu imetandazwa juu ya kamba, huku mwamuzi Michael Griffin akimtaka aonyeshe kwamba bado anataka kupigana. Joshua hakusogea mbele, Griffin akapunga mikono na kumaliza pambano. Baadaye aliyepoteza kila kitu alionekana akitabasamu na kumpongeza aliyemnyang'anya. Kwa wengi picha hizo mbili zilitosha kuwa hukumu: amekata tamaa, na tena haimuumi.

Ninaona kwamba wanaotoa hukumu hiyo wanaanza kutazama pambano wakiwa wamechelewa. Jambo lililoamua usiku ule lilitokea raundi ya 3, na lilianza kwa Ruiz kuwa chini. Joshua alimwangusha kwanza, tena kwa ustadi, na Ruiz hakuwa amewahi kuangushwa maishani mwake kama bondia wa kulipwa. Alipoinuka, Joshua alimfuata ili ammalize, akajiachia kwenye kurushiana makonde ya karibu, ambako mikono mifupi na myepesi ya Ruiz ilikuwa na faida, na hapo ndipo konde la kushoto la kuzungusha lilipomtua Joshua kwenye panja. Miguu yake haikurudi tena sawasawa. Kocha wake wa wakati huo, Rob McCracken, alikuja kusema hadharani kwamba bondia wake alikuwa na mtikisiko wa ubongo tangu raundi hiyo, kauli iliyomletea lawama nyingi, na kwa haki, kwa sababu ina maana kwamba alimwacha mtu wa hali hiyo apigane kwa raundi nne zaidi. Lakini ukiikubali, yule mtu aliyeegemea kamba katika raundi ya 7 hawezi kusomwa kama mtu aliyepima hatari kwa akili timamu na kuamua kuikimbia. Alikuwa mgonjwa aliyesimama.

Septemba 2024, katika uwanja wa Wembley, jambo lile lile lilijirudia kwa namna ambayo bado inanishangaza. Muingereza mwenzake, Daniel Dubois, alimlaza Joshua mwishoni mwa raundi ya kwanza na kumtawala raundi zilizofuata. Katika raundi ya 5 Joshua alipata konde la kulia lililomyumbisha Dubois, na papo hapo, akiwa na miaka 34 na kichwa kilichokwisha kupigwa mno, alimwendea kummaliza. Alirusha konde la kutoka chini kwenda juu, ubavu wa uso wake ukabaki wazi, na mkono wa kulia wa Dubois ukamlaza moja kwa moja. Vipigo viwili vilivyomvunjia heshima kuliko vyote, vya Ruiz na Dubois, vilifika wakati ambapo yeye ndiye aliyekuwa akishambulia. Mtu mwoga angerudi nyuma, angemkumbatia mpinzani, angesubiri kengele. Tatizo la Joshua katika nyakati hizo lilikuwa ni kutaka kumaliza kazi mapema kuliko ilivyoruhusu hali ya mwili wake, na hilo ni kosa la ujasiri usio na subira.

Kisha tuangalie alichofanya baada ya kuangushwa na Ruiz mwaka 2019. Mkataba ulimpa haki ya marudiano, lakini haukumlazimisha kuyataka mara moja, na washauri wengi wa ngumi wangempa kwanza mpinzani dhaifu wa kumrudishia imani. Alikwenda Diriyah, Saudi Arabia, tarehe 7 Desemba mwaka ule ule, akiwa amepungua uzito kutoka takriban kilo 112 hadi 108, wakati Ruiz alikuwa ameongezeka hadi zaidi ya kilo 128 na alikiri mwenyewe kwamba starehe zilimponza. Kwa raundi 12 Joshua alipiga konde la kushoto la kunyoosha, akazunguka, akaondoka. Majaji wote walimpa ushindi: wawili waliandika 118 kwa 110 na wa tatu 119 kwa 109. Mashabiki walizomea kwamba alikimbia. Mimi naona pale bingwa aliyekubali kwamba njia yake ya kawaida ndiyo iliyomwangusha, akaiacha kwa dakika 36 mbele ya dunia nzima, ilhali kila kishawishi cha kiburi kilikuwa kikimwambia asimame na kurushiana ili kuthibitisha uanaume wake. Wazito wa juu waliowahi kurudisha ubingwa katika marudiano ya papo kwa papo ni wachache: Floyd Patterson kwa Ingemar Johansson mwaka 1960, Muhammad Ali kwa Leon Spinks mwaka 1978, Lennox Lewis kwa Hasim Rahman mwaka 2001. Sijasikia mtu akiwaita hao watatu watu wa moyo mwepesi.

Penye udhaifu wa kweli pasifichwe. Katika pambano la kwanza na Oleksandr Usyk wa Ukraine, Septemba 2021, Joshua alijaribu kumshinda fundi kwa ufundi na akaonekana kama mtu anayeomba ruhusa ya kutumia nguvu zake. Katika marudiano ya Jeddah, Agosti 2022, alipigana vizuri zaidi na kupoteza kwa majaji kugawanyika, kisha akaitupa mikanda nje ya ulingo, akaondoka, akarudi, akashika kipaza sauti na kutoa hotuba ndefu isiyo na mpangilio usiku ambao haukuwa wake. Ameishi kwa kubadilisha makocha, kutoka McCracken hadi Robert Garcia, Derrick James na Ben Davison, na kila mmoja alimpa Joshua mwingine. Anayesema kwamba Joshua hakuwa na utulivu wa kujijua ulingoni ana hoja nzito. Anayesema kwamba alikuwa mwoga ameshika jambo jingine kabisa.

Kinachonisumbua zaidi ni gharama ya kipimo kinachotumiwa. Februari 2020, katika pambano la pili na Fury, Wilder akiwa ameangushwa mara mbili na damu ikimtoka sikioni, kocha wake msaidizi Mark Breland, bingwa wa Olimpiki wa 1984, alitupa taulo, ishara ya kusimamisha pambano, katika raundi ya 7. Wilder alikasirika, akasema angependa kufia ulingoni kuliko kuokolewa, akamfukuza Breland, na akaeleza kushindwa kwake kwa vazi la kuingilia ulingoni lililozidi paundi 40. Mashabiki wengi walimshangilia kwa lile la kufa kiume na wakamsahau Breland. Kila timu ya makocha kwenye kona ya bondia iliona somo hilo, na mtu atakayeshika taulo kesho atakumbuka kwamba aliyemwokoa bondia ndiye aliyepoteza kazi.

Hata Dubois aliwahi kupimwa kwa kipimo hicho. Novemba 2020 alipiga goti mbele ya Joe Joyce na kuhesabiwa hadi kumi, mifupa ya tundu la jicho ikiwa imevunjika, na waliokuwa wamekaa salama wakamwita mwoga. Agosti 2023, baada ya kushindwa na Usyk huko Wrocław, walimwita hivyo tena. Mwaka mmoja baadaye mtu huyo huyo ndiye aliyemlaza Joshua pale Wembley, na sauti zile zile zikahamia kwa Joshua bila kueleza kilichobadilika ndani ya moyo wa Dubois.